Taa za ABS na VSC Zikiwaka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa tukiwaza hasa Toyota zilizotumika kutoka Japani, maana ndizo nyingi zaidi kwenye gereji za Tanzania na Kenya: Vitz, IST, Premio, Fielder, Harrier, Prius. Magari mengine hufuata kanuni ileile. Kinachobadilika ni majina ya taa na namna ya kusoma hitilafu.

## Taa zenyewe

Taa ipi ni ya nini?

Ya njano yenye herufi ABS ndani ya duara ni ya mfumo unaozuia matairi yasijifunge unapokanyaga breki kwa nguvu. Ya njano yenye picha ya gari na michirizi miwili ya tairi ni ya mfumo wa kuzuia gari lisiserereke kwenye kona au barabara ya utelezi. Toyota huuita VSC, Nissan na Subaru VDC, Honda VSA, Mazda DSC, Mitsubishi ASC, Mercedes-Benz ESP. Kwenye Nissan kadhaa utaona neno SLIP badala ya picha. TRC ni sehemu ya kazi hiyohiyo: huzuia matairi yanayovuta yasizunguke bure.

Nyekundu yenye alama ya mshangao ndani ya duara, au neno BRAKE, ni ya breki zenyewe. Usiichanganye na za njano.

Nikifungua swichi ya ufunguo zinawaka zote. Ni ubovu?

Hapana, mfumo unajipima. Taa za ABS na VSC huwaka kwa takriban sekunde 3 kisha huzimika zenyewe, hata kabla hujawasha injini. Ya kutilia shaka ni ile isiyowaka kabisa. Soma swali la kununua gari hapo chini.

Taa ya ABS imewaka peke yake. Naweza kuendelea na safari?

Ndiyo, kwa tahadhari. Kompyuta ya ABS ikiona kitu isichokielewa hujitoa kazini na kukuachia breki za kawaida. Gari litasimama kama gari lisilo na ABS, yaani ukikanyaga kwa nguvu kwenye lami yenye maji au kwenye changarawe, matairi yatajifunga na usukani hautafanya kazi mpaka upunguze mguu. Dereva aliyezoea ABS amefundishwa kukanyaga mpaka mwisho na kushikilia. Sasa inabidi akanyage na kuachia, akanyage na kuachia. Ongeza nafasi kati yako na gari la mbele, na usiliache tatizo likae miezi.

Nyekundu na ya ABS zimewaka pamoja. Je?

Hapo simama mahali salama. Kwenye magari mengi kompyuta ya ABS ndiyo pia inayogawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma. Ugawaji huo ukikatika, matairi ya nyuma yanaweza kujifunga kabla ya ya mbele, na gari likageuka mkia mbele. Angalia kwanza kama hendibreki imeachiwa yote, kisha kiwango cha mafuta ya breki kwenye chupa yake chini ya boneti. Pedeli ikizama kuliko kawaida, au ikibidi uikanyage mara mbili ili ishike, gari lipandishwe kwenye gari la kubeba.

Mafuta ya breki yamepungua. Niongeze tu?

Mfumo wa breki umefungwa na mafuta yake hayaunguzwi. Yakishuka, ama pedi zimeisha na pistoni za kalipa zimetoka nje zaidi, ama kuna mahali panavuja. Kagua pedi kwanza. Ukijaza chupa mpaka juu huku pedi zimeisha, siku ya kuweka mpya mafuta yatarudi juu na kumwagika kwenye rangi ya gari, na mafuta ya breki huila rangi.

Tumia DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganyiki nazo. Mafuta ya pawa stelingi au ya injini hayaingii humo kamwe: mpira wote wa mfumo huvimba, kuanzia masta silinda hadi kalipa, na utabadilisha vyote.

## Kutafuta chanzo

Taa ya ABS ikiwaka ni sensa ya tairi imekufa?

Mara nyingi namba ya hitilafu, ile ambayo kompyuta huiandika ikiona tatizo, itakuelekeza kwenye sensa. Lakini kompyuta haioni sensa. Inaona alama inayofika kwake. Alama hiyo hupita kwenye ringi ya meno au ringi ya sumaku inayozunguka na tairi, kisha sensa, plagi, na waya mrefu unaopinda kila tairi linapopanda na kushuka. Kimoja kikiharibika, namba inayoandikwa ni ileile. Ndiyo maana watu hununua sensa mbili na taa bado inawaka.

Mpangilio unaookoa pesa ni huu: betri, fyuzi, namba ya hitilafu, waya na plagi, ringi na beringi, na sensa mwisho.

Betri inahusikaje?

Volti ikishuka sana wakati wa kupiga stata, au altaneta ikichaji kidogo, kompyuta ya ABS hujizima na kuwasha taa. Namba yake kwenye Toyota ni C1241, na ukisoma kwa kuhesabu taa inavyomweta, kama ilivyoelezwa hapo chini, ni 41. Pima kwenye vichwa vya betri: injini ikiwa imezimwa na gari limepumzika, karibu volti 12.6, injini ikiwaka, kati ya 13.5 na 14.5. Taa inayowaka asubuhi tu na kupotea baada ya mwendo mfupi huanzia hapa mara nyingi. Safisha vichwa vya betri na waya wa ethi kabla ya kitu kingine chochote.

Fyuzi za ABS ziko wapi?

Kubwa ziko kwenye boksi la chini ya boneti, kwa kawaida za ampea 30 hadi 50, moja ya mota ya pampu na nyingine ya vali. Ikiungua tena baada ya kubadilishwa, usiweke kubwa zaidi. Mota ya pampu au waya wake una shoti.

Skana yangu ndogo ya Bluetooth inasema hakuna hitilafu, lakini taa inawaka. Imekuwaje?

Skana ni kifaa cha kusomea namba za hitilafu, na nyingi za bei rahisi husoma injini tu, yaani namba zinazoanza na P. Za breki na chesisi huanza na C na zinakaa kwenye kompyuta nyingine. Unahitaji skana iliyoandikwa wazi kwamba inasoma ABS. Ikiwa nayo pia inaonyesha kasi ya kila tairi gari likitembea, umepata kifaa cha maana kuliko vyote: mwenzako aendeshe polepole kwenye barabara iliyonyooka, wewe tazama namba nne. Tatu zitasoma 20, ya nne itasoma 0 au itaruka-ruka. Umeshajua tairi.

Toyota inasomekaje bila skana?

Kwa waya mfupi. Plagi ya kupimia yenye tundu 16 iko chini ya dashibodi upande wa dereva. Swichi ikiwa imefungwa, unganisha tundu namba 13 (TC) na namba 4 (CG), kisha fungua swichi bila kuwasha injini. Taa kadhaa zitaanza kumweta kwa pamoja, pengine hata ya injini na ya mifuko ya hewa. Wewe ifuate ya ABS pekee.

Ikimweta haraka bila kukatika, kama mara mbili kwa sekunde, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Kama ipo, itatoa tarakimu ya kwanza, itatulia kidogo, kisha tarakimu ya pili: mara tatu, kituo, mara moja ni 31. Kwenye Toyota nyingi 31 ni tairi la mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia na 34 nyuma kushoto. Kulia ni kulia kwa mtu aliyeketi ndani akitazama mbele, na kosa la kupindua hapa limewafanya wengi wafungue tairi lisilo na tatizo.

Angalia mara mbili kabla ya kuchomeka waya. Tundu namba 16 lina umeme wa betri moja kwa moja. Ukiliunganisha na namba 4 umepiga shoti.

Nafutaje namba baada ya kutengeneza?

Waya ukiwa bado kwenye TC na CG na swichi imefunguliwa, kanyaga pedeli ya breki mara 8 au zaidi ndani ya sekunde 5. Taa itaanza kumweta haraka, ishara ya usafi. Toa waya. Usifute kabla ya kuandika namba pembeni. Zikishapotea unarudi kubahatisha.

Waya na plagi vikaguliwe vipi?

Pandisha gari kwa jeki, weka stendi, fungua tairi. Fuata waya kutoka kwenye sensa hadi unapoingia ndani ya bodi. Tazama hasa unapofungwa kwenye shokapu: fundi aliyebadilisha shokapu na kusahau kurudisha kibano chake ameuacha waya usuguliwe na tairi au rimu. Waya unaweza kukatika ndani huku ganda la nje ni zima, kwa hiyo uupinde taratibu kipande kwa kipande ukiwa umeunganisha mita.

Plagi yenye kutu ya kijani isafishwe kwa spirei ya plagi za umeme. Magari ya pwani na yale yaliyotoka mikoa ya theluji ya Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi, yana tabia hii zaidi.

Sensa yenyewe inapimwaje?

Kwanza jua ni ya aina gani, kwa sababu kipimo cha moja kinaweza kuua nyingine.

Ya zamani ni koili na sumaku, haihitaji umeme. Ichomoe plagi na upime ohm kati ya nyaya zake mbili. Nyingi husoma kati ya 800 na 2,000. Namba kamili si muhimu kama kulinganisha na mwenzake wa upande wa pili wa ekseli ileile. Ikisoma mwisho wa mita, koili imekatika. Ikisoma karibu na 0, ina shoti. Kisha weka mita kwenye volti za AC na uzungushe tairi kwa mkono, kama mzunguko mmoja kwa sekunde. Unatakiwa kuona kuanzia takriban volti 0.1, ikipanda kadiri unavyoongeza kasi.

Ya kisasa ina saketi ndani na hulishwa umeme na kompyuta. Usiipime ohm. Chomoa plagi, fungua swichi, pima upande wa waya unaotoka kwenye gari: unapaswa kupata volti 5.7 kwenda juu, mara nyingi karibu na ya betri. Kama umeme haufiki, tatizo ni waya au kompyuta na sensa haina hatia. Umeme ukifika, skana ya kasi za matairi ndiyo hakimu.

Ukitoa sensa ya koili na kukuta unga wa chuma umeganda kwenye ncha, ifute kwa kitambaa na uirudishe. Kuna zinazopona kwa hilo tu. Ikigoma kutoka kwa kutu, usiipige nyundo. Weka mafuta ya kulegeza, subiri, izungushe kidogo kidogo. Zinavunjika kirahisi na kipande kubaki ndani ya habu.

Nikikaribia kusimama, pedeli inatetemeka na kugonga. Taa haijawaka.

ABS inafanya kazi wakati haitakiwi. Mwendo ukishuka chini ya kama kilomita 10 kwa saa, alama ya koili hafifu hupotea mapema kwenye tairi moja, na kompyuta inadhani tairi hilo limejifunga. Inaachia breki, na ndiko kugonga unakokusikia mguuni. Tafuta ringi ya meno iliyopasuka, kutu iliyoinyanyua sensa na kuongeza nafasi kati yake na meno, au beringi yenye mchezo. Ringi iliyopasuka huonekana kama ufa mmoja mwembamba. Izungushe mzunguko mzima ukiimulika kwa tochi.

Ni hatari kuliko inavyoonekana: gari linaongezewa mita moja au mbili pale ambapo mtu anavuka mbele yako.

## Baada ya matengenezo

Nimebadilisha beringi, taa ikawaka siku hiyohiyo.

Beringi nyingi za kisasa hazina meno. Upande mmoja wa sili yake una ringi ya sumaku, rangi nyeusi au kahawia, bapa, na upande huo lazima utazame sensa. Fundi akiigeuza, beringi inaingia vizuri, tairi linazunguka vizuri, na sensa haioni kitu. Kabla ya kukandamiza, sogeza klipu ndogo ya karatasi kwenye sili zote mbili: upande unaoivuta ndio wa sensa. Usiilaze beringi juu ya sumaku ya spika wala kwenye trei ya sumaku ya kuwekea bolti.

Ikishaingia kinyume, kuitoa huiharibu kwa kawaida. Utanunua nyingine. Hakikisha pia hukuuziwa beringi ya toleo lisilo na ABS, ambayo ina vipimo vilevile lakini haina sumaku kabisa.

Nimeweka matairi mapya na VSC imewaka. Yanahusianaje?

Kompyuta inalinganisha kasi za matairi manne. Tairi dogo, au lililoisha sana, huzunguka haraka zaidi. Ukichanganya saizi, au ukiendesha mwendo mrefu na spea nyembamba, inaona kama upande mmoja unateleza muda wote. Weka saizi moja pande zote, na upepo unaolingana na kibandiko cha mlangoni.

Nilipandisha gari kwa jeki nikaweka gia, taa zikawaka.

Matairi mawili yalizunguka na mawili yakasimama, hivyo kompyuta iliandika hitilafu ambayo haipo. Futa namba kama ilivyoelezwa juu, kisha endesha kwa zaidi ya kilomita 20 kwa saa. Mlio mfupi wa ngurumo unaosikia mara moja mwanzoni mwa safari ni pampu ya ABS ikijipima.

## VSC na TRC

VSC na TRC OFF zimewaka pamoja na taa ya injini. Nianzie breki?

Anzia injini. VSC hulituliza gari kwa breki na pia kwa kuinyima injini nguvu. Injini ikiwa na hitilafu, Toyota huizima VSC kwa sababu haiwezi kuiamini. Kinachowasha kinaweza kuwa sensa ya oksijeni, koili ya plagi, au hata kifuniko cha tangi la petroli kisichokazwa. Subaru hufanya hivyohivyo. Tengeneza injini, futa namba za P, na taa za VSC huondoka bila mtu kugusa breki.

TRC OFF imewaka peke yake na gari liko sawa.

Pengine goti lako limebonyeza kitufe. Bonyeza tena. Kitufe hicho kina kazi yake: ukikwama kwenye mchanga au tope, TRC inakata nguvu kila tairi likizunguka, na gari linakaa palepale. Zima, toka, kisha washa.

Nilitoa betri (au nilifanya alaimenti), VSC imewaka. Nifanye nini?

Mfumo umesahau usukani ukiwa katikati uko wapi. Kwenye magari mengi inatosha kuwasha injini, kugeuza usukani mpaka mwisho kushoto, kisha mpaka mwisho kulia, kurudisha katikati, na kuendesha mbele kwa mstari ulionyooka. Kama usukani umekaa upande wakati gari linakwenda moja kwa moja, alaimenti haijakamilika. Rudi kwa fundi kwanza.

Toyota ikitoa namba 36 au 39 baada ya kubadilisha au kuhamisha sensa ya mzunguko wa gari (inayopima gari linavyogeuka), sensa hiyo inahitaji kuwekwa sifuri upya. Skana ndiyo njia salama, gari likiwa limesimama mahali tambarare na hakuna anayelitikisa. Sensa hiyo kwa kawaida iko chini ya konsoli ya kati, kati ya viti. Soda iliyomwagika na maji ya kuosha kapeti huifikia.

Namba ni ya swichi ya taa za breki. Mbona inahusu ABS?

Kompyuta inataka kujua kama unakanyaga. Swichi ya pedeli ikikatika, au balbu za nyuma zikiungua zote, inapoteza habari hiyo na kuandika C1249 au 49. Mwombe mtu asimame nyuma ukikanyaga. Ni ukarabati wa bei rahisi kuliko yote kwenye ukurasa huu.

## Magari na hali za pekee

Prius au Aqua yangu inalia kwa nguvu, na taa nyekundu, ABS na VSC zote zimewaka.

Hili si swali la sensa. Haibridi hizi hazina busta ya kawaida ya upepo. Pampu ya umeme hujaza presha kwenye akiba, na pedeli hutumia presha hiyo. Ukisikia pampu ikiwaka kila baada ya muda mfupi hata hujagusa pedeli, presha inavuja ndani. Namba kama C1391 au C1256 zinaelekeza huko. Breki inaweza kuwa ngumu ghafla, kwa hiyo usilitumie gari.

Usimruhusu fundi atoe upepo kwenye mafuta ya breki kwa njia ya kukanyaga-na-kufungua nati kama kwenye Corolla. Haibridi hutolewa upepo kwa skana, na pampu huamka yenyewe hata ukifungua mlango. Kwenye gari la kawaida njia ya zamani hutosha, isipokuwa upepo ukishaingia ndani ya kitengo cha ABS chenyewe.

Nanunua gari lililotumika. Nitajuaje kama taa imefichwa?

Fungua swichi bila kuwasha injini. ABS na VSC lazima ziwake. Isiyowaka, balbu imetolewa au imebandikwa utepe. Kisha subiri: baada ya kama sekunde 3 ya ABS inapaswa kuzimika huku ya oili na ya betri zikiendelea kuwaka. Ikibaki na kuzimika pamoja na ya oili pale tu injini inapowaka, kuna mtu ameunganisha waya wake na wa oili.

Kama bado una shaka, chomoa fyuzi ya ABS na ufungue swichi. Kwenye gari lisilochezewa, taa itawaka na kubaki. Isipowaka, mwambie muuzaji apunguze bei au uache gari lake.